Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu sitaki kugusa projekta. Nani ana hoja ya kunibadilisha?

Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu mtarajiwa wa hisabati na fizikia. Nimebakiza mazoezi ya kufundisha ndipo nimalize. Kila andalio la somo tunaloandika chuoni lina safu ya "matumizi ya TEHAMA", na ole wako uiache wazi. Matokeo yake tumekuwa mafundi wa kuijaza. Somo la sehemu: projekta. Somo la mwendo: projekta. Juzi mwenzangu kafundisha kipindi cha mfano, slaidi zimepangika, video inacheza bila kukwama, msimamizi kampa alama za juu. Mimi nilikaa nyuma nikiigiza mwanafunzi. Kipindi kizima sikushika kalamu, sikuulizwa swali, sikubishana na mtu. Nilitazama tu. Na nilifurahia, hapo ndipo panaponitisha.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza kazini nataka ubao, chaki, daftari na mdomo basi. Kwanza nijue kusoma sura za watoto, mengine yatafuata. Mwenye hoja ya kunipinga aje, ila asinijie na "dunia imebadilika". Hiyo nimeshaisikia.

Kijana wa Waya
Dunia imebadilika.

Sikio la Kufa
Hahaha Kijana wa Waya umeanza. Naweka mkeka hapa, uzi huu utafika mbali.

Mzee Ubao
Mdogo wangu umenena. Kila kizazi kina chombo chake cha kumfukuza mwalimu. Thomas Edison alitangaza mwaka 1922 kwamba sinema itafuta vitabu shuleni. Ikaja redio, ikaja televisheni. Miaka ya 1950 mwanasaikolojia B. F. Skinner akaja na mashine yake ya kufundishia, mtoto anajibu swali, mashine inafunua jibu sahihi. Leo ni vishikwambi. Chombo hubadilika, ahadi ni ileile. Sweden wenyewe, walioingia kwenye skrini kabla ya wengi, mwaka 2023 serikali ilirudi kutoa fedha za vitabu vya karatasi.

Msahihishaji
Mzee Ubao, nyongeza kidogo. Edison alianza mapema zaidi, 1913, aliposema vitabu vitapitwa na wakati shuleni na mfumo utabadilika ndani ya miaka 10. Hiyo kauli yako ya 1922 ni ya pili. Yaani miaka 10 inakaribia kwisha, vitabu vipo palepale, yeye akarudia unabii.

Halafu huo ubao unaoutetea ulienea madarasani mwanzoni mwa karne ya 19. Nao ulikuwa teknolojia mpya, na walimu walipaswa kujifunza namna ya kuutumia.

Mzee Ubao
Sawa, Edison alikosea mara mbili basi. Hoja yangu imepata nguvu, asante.

Kalamu Butu
Mleta uzi, unachokisema kina historia ndefu kwenye taaluma yenyewe. Mwaka 1983 mtafiti wa elimu Richard Clark aliandika kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori la kuleta vyakula: lori halibadilishi lishe yako, kinachobadilisha ni kilichobebwa. Ukiona darasa la video limefaulu kuliko la ubao, chunguza vizuri, utakuta mbinu ya kufundisha nayo ilibadilishwa. Mtafiti mwenzake Robert Kozma akampinga, na mwaka 1994 wakavutana tena: kuna vyombo vinavyoruhusu mbinu ambazo bila hivyo hazifanyiki kabisa.

Mimi niko kwa Clark. Mwenzako angesoma zile slaidi kwa sauti bila projekta, wewe nyuma ungelala. Tofauti ni kwamba ulilala macho wazi.

Hesabu Tamu
Niko kwa Kozma, na nina mfano wa darasani.

Nafundisha jiometri. Kwenye ubao nachora pembetatu moja, nzuri, na wanafunzi wanaamini kanuni ni ya hiyo pembetatu yangu. Nikifungua GeoGebra, programu ya kuchorea maumbo ya hisabati kwenye kompyuta, nachukua ncha moja ya pembetatu naivuta. Umbo linanyooka, linalala, linakuwa jembamba, na pembe zote tatu zinabadilika mbele yao. Kabla sijavuta, kila mtu anaandika kwenye daftari anachotarajia kwa jumla ya pembe. Asiyeandika, sivuti.

Siku moja nikasimamisha mahali, skrini ikaonyesha 46, 68 na 67. Binti mmoja wa nyuma: "Mwalimu, hiyo ni 181." Darasa likalipuka. Wengine wanasema kompyuta imekosea, wengine wanasema kanuni ndiyo ya uongo. Nikanyamaza. Baada ya muda kijana mmoja akauliza kama namba zimekadiriwa. Nikaongeza nafasi moja ya desimali: 45.6, 67.7, 66.7. Jumlisheni wenyewe.

Kipindi kile sikufundisha nilichokiandaa, lakini ukadiriaji waliuelewa kuliko wiki nzima ya mazoezi ya kitabu. Ubao haunipi hilo. Kwenye ubao pembe ni zile ninazoziandika mimi.

Chaki Nyeupe
@Hesabu Tamu hii imenigusa. Ila angalia, kilichofanya kazi ni "asiyeandika, sivuti" na wewe kunyamaza. Hivyo viwili havihitaji umeme.

Hesabu Tamu
Na ile 181 ungeitoa wapi? Ungeipanga? Wangejua ni mtego wako. Ilikuwa na nguvu kwa sababu hata mimi nilionekana sikuitarajia.

Sikio la Kufa
"Nilionekana" hahaha. Ticha hutaki kukiri.

Binti Fizikia
Nami niongeze la upande wetu. Wanafunzi karibu wote wanaamini umeme "huliwa" na balbu ya kwanza, ya pili inapata mabaki. Ukiwapa betri na balbu halisi wataona zote zinawaka, na wataendelea kuamini walichoamini. Mwanga hauwaonyeshi mkondo. Kuna programu za bure za PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado mwaka 2002, baada tu ya kupata Nobel ya fizikia. Humo unaunganisha sakiti na kuona chembe zikipita kwa kasi ileile kabla na baada ya balbu. Mwaka 2005 Noah Finkelstein na wenzake walichapisha utafiti: wanafunzi wa chuo waliotumia sakiti za kompyuta, walipopewa vifaa halisi baadaye, waliunganisha na kueleza vizuri kuliko waliofanyia mazoezi vifaa halisi tangu mwanzo.

Mzee Ubao
Dada, hizo chembe za kuchora zinawadanganya vilevile. Mtoto anaondoka akijua elektroni inatoka mbio kwenye betri inafika kwenye balbu ndipo mwanga unawaka. Kwenye waya wa kawaida elektroni hutambaa, hata milimita moja kwa sekunde ni nyingi. Umetoa dhana moja mbovu, umepanda nyingine. Halafu ile sakiti ya skrini haina waya uliolegea wala betri iliyochoka. Fizikia yangu nusu yake niliijifunza nikitafuta kwa nini balbu imegoma.

Binti Fizikia
Hilo la kasi ni kweli, nalisema darasani kila mara. Lakini mchoro wa mishale kwenye ubao nao unadanganya, mzee. Kila mfano una pa kudanganya, kazi ya mwalimu ni kupaonyesha. Na sijasema tutupe betri. Wanaanza na skrini, wanatabiri, kisha wanashika waya.

Bwana Takwimu
Naona kila mtu anatetea darasa lake. Tuangalie picha kubwa.

Peru iligawa kompyuta ndogo chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto. Tathmini iliyotoka 2012, iliyohusisha shule 319 za msingi za vijijini, haikuona tofauti katika alama za hisabati wala lugha. Kulikuwa na dalili njema kwenye majaribio ya uwezo wa jumla wa kufikiri, basi. Mwaka 2015 OECD, jumuiya ya nchi nyingi zilizoendelea, wakatoa ripoti kwa kutumia matokeo ya 2012 ya PISA, mtihani wao wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15: nchi zilizomwaga fedha nyingi kwenye kompyuta za shule hazikuonyesha nafuu ya maana katika kusoma, hisabati au sayansi.

Upande wa pili, Delhi, India. Programu ya Mindspark inampima mwanafunzi na kumpa maswali ya kiwango alichopo, hata kama yuko nyuma ya darasa lake kwa miaka. Nafasi ziligawiwa kwa bahati nasibu, na ndani ya miezi minne na nusu waliopata walipanda sana hisabati na Kihindi, wakiwaacha mbali wenzao waliokosa. Ilichapishwa 2019.

Kwa hiyo tofauti si kifaa. Peru waligawa vyombo. Delhi walitatua tatizo moja linalojulikana: mwalimu mmoja hawezi kufundisha viwango vitano kwa wakati mmoja.

Msahihishaji
Bwana Takwimu, umeruka kitu. Pale Delhi kipindi kilikuwa dakika 90, na nusu yake tu ndiyo ya kompyuta. Dakika 45 nyingine walikaa kwenye vikundi vidogo na msaidizi wa kufundisha, binadamu kabisa. Nani apewe sifa?

Bwana Takwimu
Watafiti wenyewe wanaelekea kuipa programu sifa kubwa, ila nakubali jaribio lilipima vyote viwili pamoja.

Kalamu Butu
Clark huko aliko anatabasamu.

Mama Darasa
Nyie wa nadharia mmenichosha. Mimi nina darasa lililojaa hadi mlangoni na tatizo langu kila siku ni moja: nani ameelewa? Nikiuliza "mmeelewa?" wanaitikia ndiyo kwa pamoja, hata wale ambao hata mada hawaijui.

Ninachofanya, kila mwanafunzi ana kadi ya Plickers, karatasi ya kawaida yenye alama nyeusi. Ukiigeuza upande huu ni A, upande ule ni B, na kuendelea. Nauliza swali, wanainua, napitisha simu yangu moja hewani, majibu yanasomeka kwa majina. Kadi za jirani hazifanani na zako, kwa hiyo kuchungulia ni kazi. Wanafunzi hawana kifaa chochote, simu ni yangu peke yangu.

Wakigawanyika nusu kwa nusu nawaambia geukia jirani mwenye jibu tofauti, mshawishi. Kisha wanapiga kura tena. Mbinu hiyo ni ya Eric Mazur, alianza nayo Harvard mwaka 1991 kwenye fizikia. Chaki Nyeupe mwanangu, unasema unataka kusoma sura. Sura zinadanganya. Watoto wamezoea kukutazama kwa macho ya kuelewa tangu darasa la kwanza.

Chaki Nyeupe
Mama, hapo kwenye sura umenipata. Hiyo nitaifikiria kwa dhati. Lakini si wanaweza kuinua vidole tu? Kimoja A, viwili B?

Mama Darasa
Wanaweza, na siku simu ikizima ndivyo tunavyofanya. Ila vidole wanaangaliziana kabla hawajainua. Na jioni vidole havinikumbushi ni nani alikosa lile swali la tatu.

Nuru Hafifu
Samahani niingie kidogo. Mimi ni mwenye uoni hafifu, nimesoma miaka yote nikikaa dawati la mbele na bado ubao niliusikia tu, sikuuona. Mwalimu anasema "kama mnavyoona hapa", mimi sioni hapa wala pale. Nilipofika chuo nikapata kompyuta inayokuza maandishi na kunisomea kwa sauti, ndipo nikajua hisabati haikuwa ngumu kiasi nilichodhani.

Mleta uzi akisema "ubao na chaki basi" anadhani ameondoa kikwazo. Kwa wengine ndiyo amekirudisha. Angalau soma kwa sauti kila unachoandika.

Chaki Nyeupe
Asante sana. Chuoni tulifundishwa mada ya elimu jumuishi kama somo la peke yake, hakuna aliyeihusisha na ile safu ya TEHAMA.

Msomi wa Usiku
Mimi ni mwalimu mtarajiwa pia, mwaka wa pili, lugha. Mbona hakuna aliyegusa akili mnemba? Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, insha zote zinakuja zimenyooka kama zimepigwa pasi. Nitajuaje nani kaandika mwenyewe? Kuna zile programu za kukagua.

Kijana wa Waya
Usizitegemee. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa ya kwao, wakaiondoa Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Na utafiti wa Stanford mwaka huohuo ulionyesha programu hizo huwatuhumu zaidi watu wanaoandika Kiingereza kisicho lugha yao ya kwanza. Yaani mwanafunzi wako mwenye msamiati mdogo ndiye ataitwa mdanganyifu, mjanja atapita.

Bwana Takwimu
Kwenye hili kuna jaribio zuri la Uturuki, karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari, somo la hisabati. Waliopewa GPT-4, akili mnemba ya haohao OpenAI, kama ilivyo walifanya mazoezi vizuri zaidi kwa asilimia 48. Mtihanini ikaondolewa, wakawa chini ya wale ambao hawakuwahi kuipata, kwa asilimia 17. Kundi lingine lilipewa toleo lililoelekezwa kutoa dokezo bila jibu. Mazoezini wakapanda kwa asilimia 127, na mtihanini hawakuanguka.

Mzee Ubao
Hawakuanguka, lakini je, walipanda?

Bwana Takwimu
Walilingana na wasioitumia.

Mzee Ubao
Asilimia 127 mazoezini, sifuri mtihanini. Mimi sina swali lingine mheshimiwa.

Binti Fizikia
Mzee usifurahi mapema. Somo lililopo pale ni kwamba mazoezi mazuri yanaweza kumdanganya mwanafunzi kuhusu alichojua. Hilo linatokea hata kwa mwanafunzi anayenakili kutoka kwa mwenzake kwa kalamu ya wino.

Kalamu Butu
Ukishataja kalamu: kuna ule utafiti unaopendwa sana, wa Mueller na Oppenheimer 2014, kwamba wanaoandika notisi kwa mkono huelewa kuliko wanaochapa kwenye kompyuta mpakato. Chaki Nyeupe, huo ungekufaa.

Msahihishaji
Ungemfaa kama ungesimama. Mwaka 2019 Morehead, Dunlosky na Rawson waliurudia na hawakupata tofauti iliyo wazi. Sehemu iliyobaki imara ni kwamba wanaochapa huandika maneno mengi ya mwalimu kama yalivyo.

Sikio la Kufa
Msahihishaji wewe huna marafiki?

Msahihishaji
Ninao wawili. Nimewahakiki.

Nyota ya Asubuhi
Mimi ni mzazi tu, nimesoma uzi wote. Mbona hamzungumzii simu? Ufaransa walizizuia mashuleni tangu 2018, Uholanzi wakafuata madarasani Januari 2024. Kwangu nyumbani mtoto anasema "nasoma" huku kidole kinateleza tu. Mwalimu akimwambia "tumia simu kutafuta", amenikata miguu.

Mama Darasa
Mama Nyota, uko sahihi kabisa, ndiyo maana kwangu simu ni moja na ni yangu. Kazi ya nyumbani naitoa ya karatasi. Sitaki ugomvi na wazazi.

Kijana wa Waya
Nami niseme jambo la maana kabla uzi haujafungwa. Nimewahi kufunga vifaa kwenye shule kadhaa, sitazitaja. Shule moja ilipokea vishikwambi vipya, wakavifungia kabatini vikisubiri "uzinduzi". Nilipoitwa, betri nyingi zilikuwa zimekufa kwa kukaa bila chaji. Mwalimu wa fizikia alikuwa na hamu navyo kuliko wote, na ufunguo hakuwa nao. Hapa mnabishana Clark na Kozma, mimi naona swali la kwanza ni nani ana ufunguo wa kabati.

Hesabu Tamu
Hii ndiyo posti bora ya uzi, na imetoka kwa aliyeanza na "dunia imebadilika".

Kalamu Butu
Na tuongeze swali la pili: mwalimu mwenye ufunguo anajua nini? Mtafiti wa elimu Lee Shulman mwaka 1986 alisema kujua somo hakutoshi, kujua kufundisha kwa jumla hakutoshi, kuna ujuzi wa kufundisha somo *hilo*. Mishra na Koehler mwaka 2006 wakaongeza teknolojia kwenye hesabu hiyo. Vyuo vikachukua wazo hilo vikaligeuza safu kwenye fomu.

Chaki Nyeupe
Nimesoma zote. Kwa mazoezi ya kufundisha nimeamua: slaidi hapana, bado nazipinga. Kadi za Mama Darasa nitazijaribu kwenye darasa moja, na GeoGebra kwa somo la pembe za duara, wakiandika kwanza. Kwenye ile safu nitaandika "hakuna" pale ambapo hakuna, msimamizi akate alama akitaka.

Mzee Ubao
Umeanza kulegea mdogo wangu. Nipo hapa ukirudi.

Msomi wa Usiku
Binti Fizikia, swali la haraka. Hizo sakiti za PhET zinafunguka bila intaneti?

Binti Fizikia
Ndiyo. Pakua faili, liweke kwenye flashi, fungua kwa kivinjari. Ila lijaribu kwenye kompyuta ileile utakayofundishia, si ya kwako. Kivinjari cha zamani kinaweza kugoma mbele ya darasa.

Msomi wa Usiku
Na kama kompyuta hiyo ina nywila, na anayeijua yuko likizo?

Kijana wa Waya
Karibu kwenye ualimu.